Skrini ya Japani, Barabara ya Garissa

Mjini Garissa, Toyota Prado iliyotumika Japani ni gari la heshima. Limeshuka bandarini Mombasa likiwa halijazidi miaka 8, kama Kenya inavyotaka, na katikati ya dashibodi lina skrini kubwa. Likiwashwa, linaongea Kijapani na kuonyesha ramani ya Japani. Mwingi haimo, Dadaab haimo, Wajir haimo.

Redio nayo ni kero. Masafa ya FM ya Japani ni megahezi 76 hadi 95, na redio nyingi za zamani hukomea 90. Stesheni za Kenya ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari la mamilioni hukosa kipindi ambacho mfugaji anakisikia kwa redio yake ndogo. Mafundi hufunga kifaa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Husaidia, ila si stesheni zote hupatikana.

Kibaya zaidi, betri ikitolewa, baadhi ya skrini za Toyota hujifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya siri.

Mnunuzi aidai kadi hiyo kabla ya kulipa. Ramani ya Kenya ipakuliwe kwenye simu mapema, na simu isishikwe gari likienda. Lakini ramani iliyopakuliwa haijui mafuriko: Novemba 2023 maji ya Mto Tana yalikata barabara ya Garissa pale Mororo. Msikilizaji, mvua ikinyesha, wapigie simu walioko Madogo, karibu na Mororo, uulize kama barabara inapitika, ndipo uondoke.