Mgonjwa Aulizwe Uji

Haya ni maneno ya hotuba waliyopewa wanafunzi wa uuguzi na wahudumu wa afya wa vijijini walipokuwa wakianza mafunzo yao. Tumeyachapa ili wasomaji wetu wengine nao wapate faida, kwa maana hapana nyumba isiyouguza.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya desturi njema za kazi ya kutunza wagonjwa, wazee na watu wasiojiweza, na juu ya mafunzo yanayompasa mtu kabla ya kuishika kazi hiyo. Watu wengi hudhani ya kwamba kuuguza kwataka moyo wa huruma tu. Huruma yatakiwa kweli, na asiye nayo ni afadhali atafute kazi nyingine. Lakini huruma peke yake haitoshi. Mtu mwenye huruma nyingi na mikono michafu aweza kumwua mgonjwa anayempenda.

Neno hilo silisemi kwa kuwatisha. Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na wodi mbili za kuzalishia. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ilikuwa ya wakunga. Katika mwaka 1846, kati ya kila wanawake 100 waliojifungua katika wodi ya kwanza, walikufa kama 11, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya pili hawakufika 3. Wanawake wa mji ule walikwisha jua habari hiyo, hata wengine walisihi kwa machozi wasipelekwe kwa madaktari.

Daktari mmoja kijana, jina lake Ignaz Semmelweis, aliisumbukia habari hiyo sana. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana sana na ule wa akina mama. Hapo Semmelweis akatambua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wanawake wenye uchungu. Wakunga hawakupasua maiti. Basi mwezi wa Mei mwaka ule akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mwanamke. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya wanawake 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu.

Sasa yafaa mtazame yaliyofuata, maana ndiyo yenye mafunzo kwetu. Wakubwa wengi wa kazi ile hawakukubali maneno yake. Waliona ni matusi kuambiwa ya kwamba mikono ya daktari ndiyo iliyoleta mauti. Naye Semmelweis alikawia kuyaandika maarifa yake katika kitabu mpaka mwaka 1861, na hakuwa na ulimi mpole kwa waliompinga. Alikufa mwaka 1865, na desturi yake ilikuwa bado haijakubaliwa kila mahali.

Madaktari wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na elimu, na bila shaka wengi wao walikuwa na huruma. Walichokosa ni moyo wa kukubali kusahihishwa. Tena twaona ya kwamba ujuzi wa mtu mmoja, hata ukiwa wa kweli, hauwafai wagonjwa mpaka ugeuke kuwa desturi ya wote. Kazi ya mafunzo ni hiyo hasa: kuuchukua ujuzi wa mmoja na kuufanya mazoea ya watu wote, hata wakiwa wamechoka, hata ikiwa ni saa tisa ya usiku na hakuna msimamizi anayetazama.

Kwa sababu hiyo Bibi Florence Nightingale, aliyewauguza askari katika vita ya Crimea tangu mwaka 1854, hakuridhika na sifa alizopata. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', mjini London. Hapa Kenya, chuo cha mafunzo ya utabibu kina historia inayoanza mwaka 1927, na Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983 iliweka baraza la kuangalia mafunzo na mwenendo wao. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, waende nyumba kwa nyumba. Wengine wenu mtakuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo. Mtaingia nyumba za watu, na huko hapana matroni wa kuwatazama.

Basi nitawaambia desturi nne. Si ngeni, na sidhani mtaziona kuwa ngumu. Ugumu wake ni kuzishika kila siku.

Desturi ya kwanza ni mikono. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi mkubwa, kama kufunga kidonda, baada ya hatari ya kuguswa na damu au maji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, kama kitanda au shuka yake. Kunawa kwa maji na sabuni kwataka sekunde 40 hadi 60. Msiseme, "Nimevaa glavu, inatosha." Glavu iliyogusa wagonjwa wawili ni sawa na mkono mchafu uliogusa wagonjwa wawili.

Desturi ya pili ni daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza ya kwamba hata mgonjwa aweza kupotea vivyo hivyo. Nitawaambia kosa nililoshiriki mwenyewe nilipokuwa kijana katika kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mzee mmoja aliyepooza, asiyeweza kujigeuza kitandani. Tulijua sote ya kwamba yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili, ili nyama zake zisikandamizwe zikaoza. Tulikuwa watatu katika zamu. Mimi nilidhani mwenzangu amemgeuza. Mwenzangu alidhani nimemgeuza mimi. Wa tatu alidhani sisi wawili tumemgeuza. Hapana aliyesema uwongo, lakini hapana aliyeandika. Siku ya nne tulipomwogesha tuliona kidonda mgongoni, chini karibu na nyonga, na kidole changu kingeweza kuingia ndani yake.

Mzee yule alikuja kwetu kutibiwa kwa majuma machache, akakaa miezi. Mke wake alikuwa akija kila Jumapili na chupa ya chai, akituuliza kwa upole mume wake atarudi nyumbani lini. Hakujua ya kuwa kidonda kile tulikifanya sisi. Siku moja msimamizi wetu alituita sote watatu, akatupeleka mbele ya mama yule, akamwambia kweli yote, akamwomba radhi. Nami sikupata kuona aibu kama ile. Kisha msimamizi akachukua karatasi, akapiga mistari, akaitundika penye kitanda: saa, ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, jina la aliyegeuza. Karatasi ile haikugharimu hata senti kumi. Tangu siku ile sikuondoka zamuni bila kuandika, wala sikupokea zamu bila kusoma na kwenda kumtazama mgonjwa kwa macho yangu.

Asije mtu akasema ya kwamba orodha ni za watoto wa shule. Shirika la Afya Duniani liliwapa wapasuaji orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti: jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, watenda kazi kujuana kwa majina, hesabu ya vyombo na pamba kabla ya kuondoka chumbani. Ilijaribiwa katika miji minane ya dunia, na mmoja wa hiyo ni Ifakara, katika nchi ya jirani zetu wa Tanzania. Habari zilizotolewa mwaka 2009 zilionyesha ya kwamba waliokufa walipungua kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8. Wapasuaji hawakuongezewa elimu ya kupasua. Waliongezewa desturi ya kuulizana.

Desturi ya tatu ni ulimi. Mtasikia na kuona mengi katika nyumba za watu: ugonjwa wa bibi, umaskini wa bwana, ugomvi wa watoto. Katiba yetu ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya siri za nafsi yake na za jamaa yake, nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaziangalia habari za afya kwa ukali wa pekee. Lakini hata kama sheria zisingalikuwapo, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Habari moja ikitoka kisimani, nyumba kumi zitafunga milango, na wagonjwa wa nyumba hizo watafichwa mpaka wazidiwe. Pana jambo moja tu lisilofichwa. Mkiona mzee anapigwa au ananyimwa chakula, au mtoto anaumizwa, msinyamaze kwa jina la siri. Mwambieni msimamizi wenu siku ile ile, mkaandike mliyoyaona, wala msiongeze mliyoyadhania.

Desturi ya nne ni kuuliza. Wote mwaijua methali ya wazee wetu, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: usimngojee aombe, mpelekee, kwa maana anauhitaji. Lakini baadhi yetu tumeigeuza kuwa ruhusa ya kumnyamazisha mgonjwa. Twamvua nguo bila kumwambia. Twamchoma sindano bila kumweleza. Twasema juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni gunia. Yule mzee niliyewaambia habari zake, nilimwuliza baadaye kwa nini hakutuita alipoanza kusikia maumivu. Akanijibu, "Mwanangu, niliona mna kazi nyingi, wala hapana aliyeniuliza." Neno lile laniuma hata leo. Angaliulizwa mara moja tu kwa siku, "Baba, wasikia maumivu wapi?" asingalioza mgongo.

Kwa hiyo mpeni mgonjwa uji bila kungoja aombe, lakini mwulizeni kama una moto, kama aweza kumeza, na kama apenda kushika kikombe mwenyewe. Mwiteni baba, mama, bibi au babu, kwa kadiri ya umri wake, wala msimwite "kitanda namba sita." Katiba yasema ya kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, pasipo kutendewa vibaya, na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Heshima hiyo huanzia katika salamu ya mwuguzi.

Sasa neno kwa ninyi mnaofundisha na kusimamia. Kijana akikiri kosa, msimwaibishe mbele ya wagonjwa, kwa maana kesho atalificha, na kosa lililofichwa huzaa jingine. Msahihisheni, mwonyesheni, kisha mmtazame akitenda. Wala msidhani ya kwamba mafunzo humalizika siku ya kupewa cheti. Mkono husahau, na maarifa huongezeka; kwa hiyo yafaa kila mwenye kazi hii arudi darasani mara kwa mara, hata akiwa na mvi. Yule msimamizi wetu alikuwa na miaka mingi kazini, na bado alikuwa akisoma.

Nanyi jamaa wa wagonjwa mtakaosoma maneno haya, si utovu wa adabu kumwuliza mwuguzi, "Je, umenawa mikono?" au "Dawa hii ni ya nini?" Kuuliza si ujinga. Mwuguzi aliyefundishwa vema atawashukuru.

Vijana wangu, siku moja kila mmoja wetu aliye hapa atalala kitandani, asiweze kujigeuza. Basi mtunzeni mgonjwa kama mnavyotaka kutunzwa siku hiyo. Naweni mikono, andikeni, tunzeni siri, ulizeni. Nawatakia kazi njema.