NYUFA ZISIZOONEKANA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Sisi watu wa reli twaijua kazi ya nyundo. Wazee wa karakana walitufundisha hivi: gonga gurudumu, kisha sikiliza. Likilia kama kengele, ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, liwekwe kando. Ufa ambao jicho haliuoni, sikio huusikia.

Leo twataka kusema juu ya wenzetu wanaotunza mabomba ya gesi. Bomba limefukiwa chini ya ardhi, nani ataligonga? Ngozi yake ya nje ikibanduka, unyevu wa udongo hugusa chuma, na gesi ndani husukuma usiku na mchana. Hapo nyufa nyembamba kama unywele huweza kuanza, nyingi pamoja. Tarehe 4 Machi 1965, karibu na Natchitoches, jimbo la Louisiana, Marekani, bomba lenye nyufa za namna hiyo lilipasuka likawaka moto, likaua watu 17.

Siku hizi kiko chombo cha kufanya kazi ya nyundo. Hutiwa ndani ya bomba, na gesi yenyewe hukisukuma mbele. Wenye kazi hiyo hukiita "nguruwe". Kina sumaku, na waya uliozungushwa mviringo. Stima ikipita katika waya ule, hushirikiana na sumaku kukitikisa chuma cha bomba, nacho hutoa sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo huzunguka katika ukuta wa bomba. Ikikuta ufa, hurudi kama mwangwi, na waya wa pili huipokea. Vyombo vingine vya sauti huhitaji maji au mafuta kati yao na chuma, na ndani ya bomba la gesi hayamo. Hiki hakihitaji, na hiyo ndiyo faida yake.

Lakini, ndugu, chombo hakichimbi. Tena pengine huona alama ndogo tu kikadhani ni ufa. Lazima watu wafukue, wasafishe chuma, wahakikishe, kisha wakate kipande kibovu na kutia kizima.

Hapa ndipo penye neno letu. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, Uingereza, reli ilivunjika chini ya gari moshi, watu 4 wakafa. Ubovu wa reli ile ulijulikana kabla, wala haikubadilishwa kwa wakati. Kujua kulikuwako, kutenda kulichelewa.

Basi tukubaliane. Mwenzetu akiona ufa, aandike mahali na tarehe, ampe msimamizi, na nakala ampe mwakilishi wa chama. Asipojibiwa, asinyamaze, nasi tusimwache peke yake.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yetu, usipoziba ufa utachimba kaburi.