Mwenye Nyumba na Saa ya Mwizi

Jumapili ya Kwanza ya Majilio, Mwaka A
Masomo: Isa 2:1-5, Rum 13:11-14, Mt 24:37-44



Leo Mama Kanisa anafungua mwaka mpya wa liturujia. Ajabu ni kwamba Injili aliyotuchagulia haituanzishii na pango la Betlehemu wala na malaika, bali inatupeleka kwenye habari za mwizi. Bwana wetu anatupa mfano wa mwenye nyumba ambaye hakuijua saa ya mwizi, na kwa kutoijua akaibiwa. Neno la Kigiriki analolitumia Mathayo hapo lina maana ya kuchimba na kutoboa. Nyumba nyingi za Palestina zilikuwa na kuta za udongo, na mwizi hakuhangaika na mlango, alichimba ukuta. Wasikilizaji wetu wanaoishi katika nyumba za miti na udongo hawahitaji mwalimu wa kuwafafanulia neno hilo.

Siku hizi mwenye nyumba amepata njia ya kuijua saa ya mwizi. Tunasema juu ya zile kamera ndogo za ulinzi zisizo na waya, ambazo watu huzifunga chini ya paa na kuzitazama kwa simu janja. Kutoka Kingolwira kwenda Mikese, na kuendelea hadi Fulwe, tunaziona zikiongezeka kando ya barabara kuu. Sababu yake inaeleweka. Mikese ni mahali pa kupitiwa tangu zamani. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 kwa kupitia hapo, na katika vita vya 1916 na 1917 jeshi la Waingereza lilishushia mizigo yake katika stesheni ya Mikese, na kutoka hapo wapagazi Waafrika waliibeba kwa vichwa kuelekea Mto Rufiji, wengi wao wasirudi. Leo barabara ya lami haipumziki usiku wala mchana, na tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Penye njia nzuri watu hununua viwanja. Wengi wamejenga wakiwa wangali wanafanya kazi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 150 kutoka nyumba zao. Nyumba inabaki na mama mzee, au na kijana wa kuitunza, au na kufuli peke yake. Na mwizi naye anaijua barabara.

Yatupasa kwanza kusema wazi kwamba kujilinda si dhambi. Yule anayeibiwa mbuzi wawili, au betri ya sola, au mabati aliyoyanunua kidogo kidogo kwa miaka mitatu, haibiwi kitu tu. Anaibiwa jasho lake. Bwana hamlaumu mwenye nyumba kwa kutaka kukesha. Anauchukua mkesha wake kuwa mfano mwema.

Chombo chenyewe hufanya kazi hivi. Ndani ya kamera kuna kihisi kinachotambua mwendo au joto la mwili. Mtu akipita, kamera huamka, huchukua picha, na kupeleka taarifa kwenye simu ya mwenyewe kwa njia ya intaneti, ama kwa mtandao wa nyumbani ama kwa laini ya simu iliyowekwa ndani yake. Gizani huona kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Nyingine hupata umeme wa jua, na nyingi huhifadhi picha katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Mbwa akipita huamka. Mara nyingine hata tawi la mwembe likitikiswa na upepo huamka, na mwenye nyumba akaamshwa bure kule Kimara. Bando likiisha, inanyamaza. Mtandao ukipotea kwa mvua, inanyamaza vilevile.

Sasa tufikirie pamoja. Ni saa nane za usiku. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, simu inalia, anafungua na kuona watu wawili wanakata kufuli la stoo yake kule Mikese. Ameijua saa ya mwizi! Lile ambalo mwenye nyumba wa Injili alilikosa, yeye amelipata, tena kwa picha. Je, atafanya nini? Hawezi kuruka kilomita 150. Lazima ampigie mtu simu. Na hapo ndipo tunapowauliza wapendwa wasikilizaji: atampigia nani?

Kama anayo namba ya jirani, na kama jirani huyo alishawahi kuketi naye, akamzika baba yake, akala naye pilau ya kipaimara, basi jirani atatoka, atapiga yowe, na wengine watatoka. Lakini tunawajua waliojenga ukuta kabla ya kujenga nyumba. Wanafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alasiri, wala hawajui jina la mtu anayelima mpakani mwao. Jumuiya ndogo ndogo inasali nyumba ya tatu kutoka kwao, nao hawajatia mguu. Kamera yao itawaonyesha vizuri sana jinsi wanavyoibiwa.

Wazee wetu waliitegemea sauti. Huko Usukuma na Unyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji waliochoka na wizi wa ng'ombe waliunda sungusungu, na nguvu yao ilikuwa filimbi na mbio za majirani. Tunajua pia makosa yao, kwa kuwa wako waliopigwa na kuteswa bila kuhukumiwa. Lakini waliijua kweli moja ambayo mafundi wa kamera hawaiuzi: habari ya mwizi haina faida pasipo mtu wa kuamka.

Tuje kwa wale walio ndani ya nyumba. Hapa tunaomba akina baba na akina mama watusikilize kwa makini, kwa maana katika maungamo ya nafsi zetu jambo hili hulipita bila kuliona. Kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi mara nyingi humaliza siku ikimtazama asiye mwizi. Inamtazama kijana wa shamba ameketi saa ngapi. Inamsikiliza msichana wa kazi anaongea nini na mwenzake, kwa kuwa nyingi zina kipaza sauti pia. Wako waliofikia hatua ya kuificha sebuleni anakolala msichana huyo. Ndugu zangu, hilo si ulinzi. Mahali mtu anapolala, anapooga au kubadilisha nguo hapana kamera ya halali, awe mfanyakazi, awe mpangaji, awe mtoto wa ndugu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha ya faragha ya kila mtu, wala haisemi kwamba anayelipwa mshahara mdogo ameachwa nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi la halali na linaloeleweka. Basi kama ipo kamera uani, mwambie kijana: iko pale, inaona hapa na hapa, inasikia au haisikii. Mtu aliyeambiwa anaweza kuishi chini yake kwa heshima.

Na tukiwa hapo hapo, tuulize juu ya mshahara wake. Tumewasikia wanaolipa kamera taslimu dukani, na mlinzi wanamlipa kwa ahadi. Miezi miwili imepita, mtu ana njaa, na juu ya kichwa chake kuna jicho la kumkamata akichuma papai.

Liko pia jambo la mlango wa nyuma. Kamera inayoonekana kwa simu yako yaweza kuonekana kwa simu ya mwingine. Mwaka 2016 wahalifu waliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na mitambo ya intaneti ulimwenguni, kwa sababu wenyewe walikuwa wameacha nywila zilezile zilizowekwa na kiwanda. Mwaka 2023 huko Marekani serikali iliishitaki kampuni ya Ring, inayouza kamera za nyumbani, ikidai kwamba baadhi ya watumishi wake walitazama picha za faragha za wateja. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Kwetu hatari iko karibu zaidi. Fundi anakuja kufunga, mwenye nyumba hajui kusoma maelezo, fundi anatumia namba yake mwenyewe kuifungua, kisha anaondoka. Kuanzia siku hiyo sebule ya mama iko mfukoni mwa fundi. Katekista mwenye kijana anayeyajua mambo haya amtume akawasaidie wazee wa kigango: nywila ibadilishwe, jina la fundi lifutwe.

Lakini lililotufanya tuchague habari hii katika Majilio ni kubwa kuliko hayo. Tuseme usiku wa mvua kijana amekimbilia barazani mwa mtu asiyemjua, akasimama chini ya paa, akachungulia dirishani kuona kama wenyeji wapo. Kamera inaamka. Asubuhi picha yake inazunguka katika makundi ya simu, chini yake maneno mawili: mwizi huyu. Watu mia wanaipokea, watu mia wanaipeleka mbele. Jioni anashuka kwenye gari Mikese, mtu mmoja anamtambua na kupaza sauti. Tunaijua nchi yetu, na tunajua kinachofuata baada ya sauti ile. Mawe na matairi hayangoji ushahidi. Mpeleka picha alikuwa ofisini kwake wakati huo, anakunywa chai. Hakushika jiwe. Je, mkono wake ni safi?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja hukumu ya haraka, masengenyo na masingizio kuwa ni makosa dhidi ya heshima ya jirani. Anayesadiki uovu wa mwenzake bila msingi wa kutosha amekosa hata kama amesadiki kimoyomoyo. Je, aliyeutangaza kwa watu mia? Picha ina kazi yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii kupokelewa mahakamani. Basi ipelekwe polisi, kwa mtendaji, kwa mwenyekiti wa kitongoji, tena kadi yenyewe itunzwe bila kuguswa. Hata kama aliyeonekana ni mwizi kweli, kitabu cha Mwanzo kinatukumbusha Shemu na Yafethi, ambao walipoambiwa kwamba baba yao yu uchi walirudi kinyumenyume na nguo begani, wasitazame. Hamu aliona, akaenda kusimulia. Siku hizi wana wa Hamu ni wengi, nasi sote tuna simu.

Wazazi na makatekista wengine, wakitaka kuwatisha watoto, huwaambia: Mungu anakuona! Mtoto anakua akidhani kwamba Mungu ni kamera kubwa iliyofungwa mbinguni, inayongoja kosa. Turudi kwa Hajiri, mjakazi wa Sara, aliyekimbia jangwani akiwa na mimba kwa sababu bibi yake alimtesa. Hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa kwa kumsimamia kazi. Malaika wa Bwana alimkuta penye chemchemi, akamwita kwa jina lake, akamuuliza atokako na aendako. Ndipo mjakazi huyu akampa Mungu jina: Mungu aonaye. Alifurahi kuonwa! Kwa mara ya kwanza alikuwa ametazamwa na mtu ambaye hakumtafutia kosa. Maandiko hayamfichi: alikuwa mtoro, na aliambiwa arudi, lakini alirudi akiwa na ahadi juu ya mtoto wake.

Kukesha anakotuagiza Kristo kunatoka kwenye kutazama kwa namna hiyo. Mtume Paulo katika somo la pili anatuita tuvae silaha za nuru, naye Isaya anaona panga zikifuliwa kuwa majembe. Mwenye nyumba wa Mikese asiing'oe kamera yake kwa ajili ya mahubiri haya. Aielekeze langoni na stoo. Aitoe chumbani. Kisha wiki hii, akija Ijumaa, kabla ya kufungua geti lake, asimame kwa jirani apige hodi, ajue jina la mwenye nyumba na majina ya watoto, waandikiane namba za simu. Aulize jumuiya inasali siku gani. Na kijana wa shamba alipwe miezi yake kabla ya Noeli, ili naye apate nauli ya kwenda kwao mlimani kumwona mama yake.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutamsikiliza Yohane Mbatizaji akihubiri nyikani. Tumsifu Yesu Kristo.