MAJI YA MVUA YATAKA NJIA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, mkutano wa tawi, Ng'ambo)



Tumetakiwa tuseme nanyi juu ya mitaro ya mji wetu wa Unguja. Wako watakaoona jambo hili ni dogo mno kwa chama cha siasa, wakidhani siasa ni viti vya Baraza na masanduku ya kura tu. Sisi twasema siasa ni hii khasa: nani hulowa, na nani hukaa pakavu akaamua.

Kwanza na tuujue mji wenyewe. Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ya Shangani, na baina yake na Ng'ambo palikuwa na hori ya bahari. Maji yakijaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Hori hiyo ndiyo iliyokuwa ikipokea maji ya mvua kutoka pande zote mbili. Katika karne ya ishirini ilifukiwa kidogo kidogo, na leo pale pana soko, bustani na barabara kuu. Jina la Darajani limebaki. Daraja na maji yake havipo. Lakini mvua haikupewa khabari hiyo. Ikishuka huishika njia yake ya zamani, na ikikuta nyumba huingia bila ya kupiga hodi. Mabonde ya Ng'ambo nayo yamejengwa, na Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu ni mashahidi: mara ngapi masika yamekata njia pale?

Pili ni hesabu, na sisi wenye maduka hatuikimbii hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la bati la mita 10 kwa mita 10, likinyeshewa milimita 50, humwaga lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Hilo ni paa moja tu. Hesabuni mtaa mzima. Mchanga na miti vilikuwa vikinywa sehemu kubwa ya maji hayo, lakini saruji na lami hazinywi.

Tatu ni bahari, na hapa wavuvi ndio walimu wetu. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mdomo wa mtaro ulio chini ya kiwango cha maji hayo hufungwa na bahari, na kama hauna mlango wa kuizuia, bahari yenyewe hupanda mtaroni. Mvua ya jioni ya bamvua haina pa kwenda illa vyumbani mwetu. Kwa hiyo mtaro haupimwi kwa upana peke yake. Hupimwa kwa mwinamo wake, kwa mlango wake wa baharini, na kwa bwawa la kuyaweka maji mpaka bahari ipwe.

Na maji hayaji peke yake. Yakipita juu ya vyoo vya shimo na makaro huchukua uchafu mpaka visimani. Mji huu unayajua maradhi hayo tangu zamani: mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu kwa maelfu, na daktari James Christie, aliyekuwapo hapa, alitoa kitabu juu yake mwaka 1876.

Hatukatai lililotendwa. Mradi wa huduma za mji ulioanza mwaka 2011, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umejenga mitaro mikubwa Ng'ambo, na mwenye haki apewe haki yake. Lakini mkopo ni deni, na deni hili hulipwa kwa kodi, hata na yule anayenunua sukari ya kupima. Mtaro uliojengwa kwa deni kisha usisafishwe ni jaa refu tulilolinunua kwa bei ghali.

Basi twataka mambo matatu. Mitaro isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, si baada ya maji kuingia, na fedha za kazi hiyo zitangazwe mtaa kwa mtaa. Mabonde na maziwa yaliyosalia yasigawiwe viwanja, hata akitaka mkubwa. Na mtu anayeondolewa katika njia ya maji alipwe kwanza, aoneshwe pa kuhamia, ndipo nyumba yake ivunjwe. Maskini hakujenga bondeni kwa kuwapenda vyura. Alijenga pale kwa kuwa ndipo fedha yake ilipofika.

Na sisi wenyewe je? Vifuu, maganda na chupa za plastiki zinazoziba mitaro hutoka mikononi mwetu, na nyingine madukani mwetu. Asipatikane mtu wa kutuambia kuwa twalalamikia mtaro tulioujaza wenyewe. Wenye maduka wa mtaa huu tumekubaliana kutoa majembe na matoroli. Vijana wa tawi watoe mikono. Na tukizibua, tuzibue mpaka mlangoni mwa asiyekuwa mwenzetu, kwani maji yakikwama kwake yatarudi kwetu, wala hayaulizi kadi ya chama.

Wabillahi tawfiq.