Kalamu ya Rais na Mlango wa Wananchi

(Mazungumzo kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo)



Mwishoni mwa mwaka 2020, karatasi za sahihi za BBI zilipokuwa zikizungushwa nchini, mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa. "Padre," aliniambia, "nimetia sahihi. Ni karatasi ya Rais, ningekataaje?" Sikumlaumu. Wanasiasa waliopita kwetu walikuwa wamemfundisha hivyo: Rais anabadilisha Katiba, na kazi ya raia ni kumuunga mkono. Nao wapinzani wao niliwasikia wakimsihi Rais aukatae mswada huo ili mambo yaishe. Walipingana juu ya mswada, lakini wote wawili walimdhania Rais kuwa ndiye mwenye Katiba.

Tuisome basi Katiba ya 2010, Sura ya 16. Milango ya kuirekebisha ni miwili. Ule wa Bunge, katika ibara ya 256, hudai theluthi mbili ya wanachama wote wa kila Bunge, yaani Bunge la Taifa na Seneti. Ule wa wananchi, katika ibara ya 257, huanza na sahihi za wapiga kura milioni 1. Tume ya Uchaguzi huzithibitisha, mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47 huupitisha mswada, ndipo ufike Bungeni.

Na Rais yuko wapi? Yuko mwishoni. Mswada wa sheria ya kawaida anaweza kuurudisha Bungeni pamoja na sababu zake. Ndivyo isemavyo ibara ya 115. Lakini mswada wa kurekebisha Katiba umewekewa amri: ukiisha kupita, Rais ataukubali katika siku 30. Ukigusa mojawapo ya mambo 10 ya ibara ya 255, kama vile Sheria ya Haki, muhula wa Rais au uhuru wa Mahakama, yampasa kwanza aiombe Tume iitishe kura ya maamuzi katika siku 90. Watu wakikubali, atatia sahihi. Ibara ya 256 haikumpa nafasi ya kuurudisha. Hapo kalamu yake ni ya mtumishi.

Wazee waliomo humu hawahitaji kuambiwa kwa nini tuliandika hivyo. Juni 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na wananchi hawakuulizwa. Mwaka 1988 majaji wakanyang'anywa ulinzi wa kazi yao. Mara zote mbili utaratibu wa Bunge ulifuatwa na kura zikapigwa, lakini kila mbunge alijua Ikulu inataka nini.

Kwa hiyo jambo la BBI halikuwa dogo. Lilianzia katika mapatano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga ya Machi 2018. Rais akateua jopo, jopo likatoa ripoti, ripoti ikazaa mswada, na mswada ukapitishwa katika mlango wa wananchi. Mahakama Kuu iliusimamisha Mei 2021, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti mwaka uo huo. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu haikukubali kila hoja ya mahakama za chini. Ilikataa, kwa mfano, fundisho la kwamba Katiba ina muundo wa msingi uliokingwa dhidi ya marekebisho ya kawaida. Lakini juu ya hili ilisema wazi: Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa kupitia mlango wa wananchi.

Hajafungwa mdomo. Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia Maspika kupendekeza marekebisho, na huo ni mlango wa Bunge. Tunaweza kuyapinga mapendekezo yake au kuyakubali, bali mlango haukukosewa.

Katekista mmoja aliniuliza: "Je, Rais si raia kama sisi?" Ni swali zuri, na mawakili waliligombania kwa siku nyingi. Ni raia, na katika kura ya maamuzi ana kura 1 kama mama yule. Lakini raia wa kawaida hana machifu wa kumzungushia karatasi. Tena mswada huishia mezani pake; vipi atoke mezani pake, uzunguke nchi kwa jina letu, kisha aupokee kana kwamba ni sisi tuliomtumia? Mlango ule waliwekewa wasio na kiti Bungeni wala Ikulu. Mwenye nguvu akiutumia, asiye na nguvu atapitia wapi?

Mama yule nilimwonyesha ibara ya 257. Aliisoma polepole, kisha akaniuliza kama angeweza kuifuta sahihi yake. Wakati ule sikuwa na jibu la kumpa.

Nakala za Sura ya 16 ziko mezani karibu na mlango. Kila jumuiya ichukue moja, isomwe kabla ya mkutano wetu ujao.