Kufunga Pindo la Blanketi: Yale Tuliyojifunza Pamoja

Maneno tuliyotoa mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani, jamaa za wenyeji na viongozi wa mtaa, kwenye atelie ya ushonaji, Kivu ya Kusini

 

Mlikuja mkitegemea tuseme juu ya amani. Tutasema, lakini tutaanza na blanketi, kwa sababu ndilo lililotugombanisha.

Atelie hii inashona blanketi za viraka. Juu ni vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi wa sokoni, katikati ni blanketi kuukuu, chini ni kitambaa kizima. Wanaoshona ni wenyeji wa hapa pamoja na wamama waliokimbia vita. Baadhi yao walifika Februari 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa.

Mwezi uliopita mteja alirudisha blanketi 12. Zilifuliwa mara moja tu, pindo likafunguka. Wamama wenyeji, ambao kazi yao ilikuwa kufunga pindo, walisema: "Wakimbizi wamekata vibaya." Wamama wakimbizi, walioshona viraka, wakajibu: "Wenyeji wanaharibu kazi yetu ili tuondoke." Kabla ya jioni watu walikuwa wameacha kusema juu ya blanketi, wanasema juu ya kabila. Mashini zikalala siku mbili.

Tuliwaomba wamama wawili, mmoja wa kila upande, wakae meza moja na wafumue blanketi moja mbele ya wote. Waliona makosa matatu. La kwanza, kando za blanketi hazikunyooka. Tabaka la katikati lilikuwa limeingia ndani, na sindano haikulishika. La pili, ukanda wa pindo ulikatwa upana wa sentimita 5, nao haukutosha kuzunguka unene wa blanketi. Kosa la tatu lilikuwa letu, sisi wa shirika. Tulileta kitambaa kidogo cha pindo, ndiyo maana wamama wakapunguza upana. Tena sisi ndio tuliogawa kazi, wakimbizi huku, wenyeji kule. Tunaomba radhi kwa hilo.

Sasa tuwaeleze namna tunavyofunga pindo leo, ili kila mmoja aweze kukagua kazi ya mwenzake.

Kwanza, tandika blanketi mezani, lishikishe kwa uzi wa mkono kuzunguka lote, kisha nyoosha kando kwa rula na makasi. Matabaka matatu yaishie mahali pamoja.

Pili, kata kanda za sentimita 6 na nusu. Blanketi la sentimita 150 kwa 200 lina mzunguko wa sentimita 700. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 kinadai kanda 7, kwa kuwa viungo na pembe vinakula kitambaa. Ziunganishe kwa mshono wa mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja.

Tatu, kunja ukanda katikati kwa urefu wake, upige pasi ya makaa.

Nne, anza upande wa chini wa blanketi, katikati ya kando, si kwenye pembe. Kunja ncha ya mwanzo kwa ndani, kisha weka kando mbichi za ukanda sawasawa na kando ya blanketi. Acha sentimita 10 za mwanzo bila kushona, halafu shona milimita 8 kutoka kandoni. Tumia sindano nene na mishono mirefu kidogo. Usivute ukanda, ukivutwa, blanketi litajikunja.

Tano, pembeni simama milimita 8 kabla ya mwisho, rudisha mishono miwili mitatu, ukate uzi. Kunja ukanda kwenda juu kwa mshazari, kisha urudishe chini ufuate kando mpya. Anza kushona tena kutoka juu kabisa.

Sita, ukikaribia ulipoanzia, ingiza ncha ya mwisho ndani ya ncha ya mwanzo iliyokunjwa, umalizie mshono. Geuza ukanda uje upande wa juu. Ni lazima ufunike mshono wa kwanza. Usipoufunika, usiendelee, rudi uone kosa liko wapi. Ukiufunika, shika kwa pini, shona karibu kabisa na mkunjo, polepole, na kwenye pembe laza kona vizuri kabla ya kuipita.

Zile blanketi 12 tulizifumua na kuzifunga upya kwa namna hii. Mteja amezipokea. Lakini kwetu, lililo kubwa ni jinsi zilivyoshonwa. Kila blanketi sasa lina wamama wawili, mkimbizi na mwenyeji, tangu kiraka cha kwanza mpaka pindo. Majina yao yanaandikwa kwenye daftari moja, na pesa inagawanywa sawa mbele ya wote. Likiharibika, wanaulizwa wawili hao, hakuna anayeuliza kabila.

Hatusemi kwamba uchungu umekwisha. Kuna wamama hapa ambao bado hawasalimiani wakikutana kisimani. Hatuwalazimishi. Tunawaomba tu wakae meza moja, kazi iendelee.

Kwenu viongozi tuna ombi. Ugomvi wa kazi, wa maji au wa shamba ukiletwa kwenu, msianze kuuliza huyu ni wa nani. Itieni pande zote, kiangalieni chenyewe kilichoharibika, kisha ulizeni kazi iligawanywa namna gani na nani aliigawa. Mara nyingine mtakuta, kama sisi tulivyokuta, kwamba aliyegawa naye ana sehemu yake katika kosa. Akubali mbele ya watu. Sisi tulipokubali, wamama walirudi kwenye mashini kesho yake asubuhi.

Blanketi moja liko hapa mezani. Lipitisheni mkono kwa mkono, mvute pindo kwa nguvu. Likifunguka, mtuambie.

 Amani ikae nasi.