Mji wa Mwanza na Mkulima wa Jirani
(Hotuba ya Katibu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumepewa kazi ya kueleza habari za mji wa Mwanza, hesabu ya watu wake na njia zao za kupata riziki. Huenda mkulima akauliza: mambo ya mjini yanatuhusu nini sisi wa shamba? Tutamjibu kwa hesabu.

Katika sensa ya mwaka 2012, wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo ndizo mji wenyewe, zilikuwa na watu 706,453. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,104,521. Basi kwa muda wa miaka kumi wameongezeka karibu watu 400,000. Katika muda huo huo mkoa mzima ulitoka watu 2,772,509 ukafikia 3,699,872. Hapo kwanza, katika kila watu wanne wa mkoa, mmoja alikaa mjini; mwaka 2022 walikuwa watatu katika kila kumi. Miongoni mwao wamo watoto wetu, waliotoka Kwimba, Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe.

Je, mji huu waishi kwa nini? Reli ilipofika mwaka 1928, pamba ilipata njia ya kwenda pwani. Mwaka 1955 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vya pamba katika shirikisho moja lenye nguvu. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Baada ya mwaka 1990 vikastawi viwanda vya minofu ya sangara, iuzwayo Ulaya.

Lakini bei ya pamba hupangwa na soko la dunia, wala hatuulizwi. Sangara naye alitufundisha: mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria, waliopata hasara ni wavuvi wetu. Mnunuzi aliye mbali akifunga mlango, hatuna pa kubisha hodi.

Mnunuzi wa pili yu karibu. Watu zaidi ya milioni moja hula kila siku: wali, viazi vitamu, muhogo, mboga na dagaa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, mkulima wa Sengerema hangoji tena kivuko. Njia ipo, walaji wapo. Kinachokosekana ni mkono wetu katikati. Mkulima auzaye peke yake hupimiwa lumbesa: gunia hushonewa kilemba, naye hulipwa gunia moja. Faida ya kilemba hicho humwendea mchuuzi, na mlaji wa mjini hapati nafuu yo yote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu: kila Chama cha Msingi kiwe na mizani yake, mpunga ukusanywe na kuhifadhiwa katika ghala la pamoja, usiuzwe wote wakati wa mavuno bei iwapo chini, na Chama Kikuu kiwe na mahali pake pa kuuzia mjini. Pamba hatuiachi, bali tuipatie mwenzake.

Wazee wetu waliungana kwa ajili ya mizani ya haki. Kazi hiyo haijaisha, na yatupasa sisi kuiendeleza.